Koti Lisilo na Kitanzi

Yule binti Mreno, mwanafunzi wa kubadilishana, huja kwenye chumba changu cha makoti hapa chuoni Lublin, Polandi, akiwa amevuta mikono ya sweta hadi vidoleni. Husalimu kwa Kipolandi, polepole, kama anayepanda ngazi gizani, kisha huuliza magoti yangu yameamkaje. Kibati cha namba ninachompa akiniachia koti hukipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi ya mtihani wa Januari, kitanzi cha kutundikia koti lake kilikuwa kimekatika.

“Silipokei, binti. Si nilikwambia juzi ukishone?”

“Mama Wiesława, nimechelewa!”

“Sasa nilitundike wapi, puani kwangu?”

Aliinama, akachomoa kamba ya kiatu, akaifunga pale kitanzi kilipokatikia, akanikabidhi koti huku akicheka, akakimbilia ngazi kiatu kimoja kikimpwaya.

Aliporudi nilimpa koti lenye kitanzi kipya nilichokishona kwa uzi mweusi, na kamba yake ya kiatu juu ya koti. Alikigusa kitanzi kwa kidole. Koti akalivaa, kamba akanirudishia.

“Kaa nayo, mama. Mwakani atakuja mwingine kutoka nchi ya joto, naye hatajua kuwa koti bila kitanzi hulipokei.”

Akatoka kwenye theluji, kiatu kikimpwaya vilevile.