Pale Alipokwama

Kwetu Kingi, mtu akisimama kuimba peke yake haachwi. Iwe kanisani, iwe matangani, akimaliza mstari tunaitikia, na sauti ikimkwama, aliye karibu anauchukua wimbo mpaka mwenyewe apate pumzi. Hiyo tunaiita kumpokea, na hakuna anayeomba ruhusa. Binti yangu alipokuwa na miaka minane alisahau maneno siku ya Pasaka, kanisa zima linamtazama. Niliyadaka kutoka benchi la akina mama, mdogo wake akiwa mgongoni kwangu. Alimaliza akicheka.

Ndiyo maana yaliyotokea Goma yananikaba mpaka leo.

Binti huyo sasa anapiga fidla. Alienda mjini Goma kusoma, akaingia katika okestra ya vijana, na mwaka huu wakamchagua apige peke yake mbele, wenzake wakimsindikiza. Mwalimu mmoja wa muziki angetoka Kinshasa kuja kumsikiliza, na akiridhika angemchukua akasome huko. Binti alikuwa na hofu moja tu, kwamba vidole vitasahau. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuwepo.

Kwa miezi mitatu alinitumia mazoezi yake kwa WhatsApp. Nilikuwa napanda hadi juu ya shamba la maharagwe kutafuta rezo, mtandao wa simu, kisha nasikiliza huku napalilia. Muziki wenyewe hauna neno hata moja, lakini niliujua wote, hata pale anapovuta pumzi. Wanafunzi wangu wa darasa la nne walinichoka, maana nilikuwa naandika ubaoni huku nauimba mdomo umefungwa.

Siku yenyewe nilifika ukumbini mapema, kitenge kipya, nikakaa mstari wa tatu. Okestra ilianza na kitu kingine, kizuri kwelikweli, tarumbeta na fidla zikipanda pamoja. Waliponyamaza, nikajua wamemaliza. Nikasimama, nikapiga kigelegele cha kwetu, kile cha harusi. Ukumbi mzima ukageuka. Kumbe walikuwa wanapumzika kidogo tu, na watu wa pale wanajua kuhesabu mapumziko hayo. Kijana wa mlangoni, mwenye beji kifuani, akaja akainama sikioni mwangu.

"Mama, huku haiko kanisa," alisema. "Kaa kimya mpaka mwisho."

Mimi ni mwalimu. Miaka yote hii kazi yangu ni kunyamazisha watu, na siku hiyo nilinyamazishwa mimi, mbele ya wageni waliovaa suti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliapa moyoni kwamba mdomo wangu hautafunguka tena.

Basi binti yangu akatoka, blauzi nyeupe, fidla begani. Alianza vizuri. Nilikuwa namfuata hatua kwa hatua, na nilijua tunakaribia pale ambapo wenzake wote wananyamaza anabaki yeye. Walinyamaza. Akapiga kidogo, kisha mkono ukasimama hewani.

Alikuwa amesahau. Kilichofuata nilikuwa nacho ulimini, chote. Akainua macho, akapita mstari wa kwanza, wa pili, akanifikia mimi, akabaki hapo. Nilikunja ncha ya kitenge nikajiziba mdomo. Mtu akakohoa. Mimi, niliyewahi kuwapokea hata watu nisiowajua kwenye misiba ya watu, nilikaa namtazama mtoto wangu akiningoja. Mwishowe mwongozaji akafunua kurasa, akanong'ona kitu, wakaendelea kutoka mbele zaidi. Alipiga hadi mwisho. Watu walipiga makofi, na mimi mikono haikuinuka.

Nilimkuta nje anafunga fidla kwenye sanduku lake. Mgeni wa Kinshasa alikuwa amempa mkono na kuondoka bila kusema lolote la shule. Nilitaka kumwambia kwamba amepiga vizuri, akanitangulia.

"Mama, ile mwimbo unaijua yote," alisema polepole, bila hasira. "Juu ya nini haukunipokea?"

Nikamweleza habari ya kigelegele, na kijana wa beji, na masharti ya pale. Nilikuwa najisikia nikijitetea kama mwanafunzi aliyechelewa. Aliniacha nimalize. Kisha akanishika mkono, tukavuka barabara, akanitafutia gari la kurudi.

Tangu hapo hatumi tena mazoezi. Nikimpigia simu anauliza maharagwe, anauliza mdogo wake, anasema yuko sawa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipanda juu ya shamba. Nikaanza pale alipokwama, nikauimba mpaka mwisho kwa sauti yangu yote huku simu inarekodi, nikamtumia. Ameusikiliza, simu imenionyesha. Hajajibu kitu.