Paswadi ya Mwalimu Nelima

Soko la mifugo la Kitengela lilimjua Mwalimu Nelima kwa jambo moja: hakununua mbuzi bila kumfungua mdomo. Alitoka Bungoma miaka ishirini na mbili iliyopita na sanduku la mabati, akapangiwa shule iliyo njia ya Mashuuru. Kila alichonacho leo, ile ploti ya futi hamsini kwa mia na nyumba ya vyumba vitatu, alikipata kwa kukagua, kukataa, kuondoka, na kuitwa arudi. Wauza nyanya wakimwona anakuja walianza kupunguza bei wenyewe.

Kitu kimoja tu hakukifungua mdomo. Kompyuta.

Ilipotakiwa alama za wanafunzi zitumwe kwa mtandao, alifanya kama walimu wenzake kumi. Alibeba karatasi zake hadi saiba ya Githinji, duka la kompyuta na intaneti kando ya barabara ya Namanga. Githinji alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi.

"Mwalimu, wewe fundisha," alisema. "Haya ya kubonyeza niachie mimi."

Akamfungulia barua pepe na akaunti ya kutuma alama. Akamchagulia paswadi. Mashine ilipotaka namba ya simu, akaweka yake mwenyewe, "ndio usisumbuliwe darasani." Yote hayo bure, alilipisha kuprinti peke yake. Mfanyabiashara yeyote angejiuliza mtu huyu anauza nini. Nelima, ambaye angekubana kwa swali hilo kwa sababu ya kilo ya njugu, alisema asante akaenda zake. Githinji akaandika kila kitu katika daftari lenye jalada jekundu.

Jumatano moja ya muhula wa tatu, Lemein, mwalimu wa sayansi aliyekuja shuleni mwaka jana, aliingia na tableti ya shule, akasalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Mwalimu."

"Epa. Umekuja kukopa chaki tena?"

"Chaki niko nazo leo. Niambie, huyu Muturi wako wa Gredi ya Sita amejua hesabu lini? Juzi nilimpa penseli kumi agawie watoto watano, akabaki na sita."

Nelima akacheka. "Hajajua. Mimi nilimpa moja." Moja ni ya mtoto ambaye bado yuko chini kabisa, nne ni ya yule aliyepita kila kipimo.

"Hapa ni nne."

"Vaa miwani."

"Miwani ndio hii. Na Nduta ni nne. Halafu Aketch ni moja, Obura moja."

Nelima alitoa daftari lake la alama kabatini, lile la wino. Muturi, moja. Nduta, moja. Aketch, nne. Obura, nne. Aliyefanya hivi alipandisha wawili na kushusha wawili, na wastani wa darasa haukuguswa. Hiyo si kazi ya mtu aliyeteleza kidole.

Lemein alibonyeza mahali pengine. "Mtu aliingia kwa akaunti yako Jumapili saa nne na robo asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Nilikuwa nasoma somo mbele ya watu mia mbili."

"Basi kuna Nelima mwingine."

Tovuti ya alama ingefungwa Ijumaa jioni. Baada ya hapo alama zingebaki zilivyo: Aketch, ambaye wachache tu walimfikia darasani, angeandamwa na moja, na chini yake kuna jina la Nelima.

"Badilisha paswadi sasa hivi," Lemein alisema. "Bonyeza hapo. Watatuma namba sita za siri kwa simu yako."

Walingoja. Simu ililala mezani kimya. Walijaribu tena.

"Wanasema wametuma kwa laini inayoishia arobaini na saba."

"Yangu inaishia sufuri mbili," Nelima alisema polepole.

Alasiri alipofika kwa Githinji, kiti kilikuwa kimeshawekwa.

"Karibu, Madam. Nimeona umenitafuta mara mbili." Aliinua simu. "Namba zimekuja. Nikusomee, ama niache?"

"Nani amegusa alama za watoto wangu?"

"Si ni wewe? Mimi naona jina lako tu." Sauti yake haikupanda. "Wazazi wengine wanajua kuomba, Madam. Na wewe ni mtu wa kupatana, Kitengela yote inajua. Hao wanne waache walivyo. Mimi nakupa namba zako, unaenda na akaunti yako. Ukipeleka maneno mbele, utaanza kwa kusema ulimpa mtu paswadi. Hapo kazi inayoenda ni yako, si yangu."

Nelima aliangalia daftari jekundu. Lilikuwa limenenepa. Vikaratasi vya rangi vilichungulia pembeni, kila shule na rangi yake, na rangi zilikuwa nyingi.

"Bei yako ya mwisho?"

"Ndiyo hiyo."

Akachukua mkoba akaondoka. Sokoni, ukiondoka unaitwa. Alipiga hatua kumi, ishirini, akampita muuza miwa. Githinji hakumwita.

Hapo ndipo alipoogopa.

Alhamisi asubuhi alikuwa Kajiado, ofisi ya elimu, na daftari la wino, kitambulisho, na barua ya kurasa mbili. Afisa aliyempokea, Bi Florence, aliisoma mara mbili.

"Mwalimu, unajua barua hii inakushtaki wewe?"

"Najua. Nirudishie mlango wa akaunti yangu kwanza, halafu unishtaki."

"Utaitwa kujieleza. Sitakudanganya, si wote hurudi darasani." Akaondoa namba ya Githinji, akaweka ya Nelima, kisha akasukuma kibodi upande wake. "Mimi sikuandikii. Andika."

Alipochagua paswadi, Bi Florence aligeuka akatazama dirishani. Nelima alibonyeza kwa kidole kimoja, akilinganisha na daftari la wino, majina yote arobaini na matatu. Muturi, moja. Aketch, nne. Alikosea, akafuta, akarudia. Alimaliza saa saba mchana, shingo imekakamaa, akatoka nje getini.

Simu ikatetemeka. Namba sita. *Usimpe mtu yeyote.*

Hakuwa ameomba namba zozote. Ikatetemeka tena, namba nyingine sita. Kuna mtu alikuwa anagonga. Kisha Lemein akapiga simu.

"Mwalimu, uko wapi? Hapa shuleni hakuna anayeingia. Wale walimu kumi wote paswadi zimekataa tangu asubuhi. Tumetuma mtu kwa Githinji, duka limefungwa."

"Na daftari jekundu?"

"Daftari gani?"

Nelima alikumbuka vile vikaratasi, kila shule na rangi yake, akageuka kurudi ofisini. Bi Florence alikuwa bado ameshika barua yake, na simu zote mbili mezani kwake zilikuwa zinalia.