Shibiri Moja na Vidole Vitatu: Kutafuta Kadi ya Michoro Kigali

Nilikwenda Kigali kwa sababu ya nyumba iliyokataa kuzunguka. Binti yangu Neema anasoma uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi hapa kwetu Ngara, na kazi yake ya mwisho ni nyumba aliyoijenga ndani ya kompyuta. Jumatatu alitakiwa kuizungusha mbele ya watahini, waione ubavuni, nyuma na juu ya paa. Lakini kila akijaribu kuizungusha, kompyuta inaganda. Asipoionyesha, anarudia mwaka mzima. Fundi akasema dawa yake ni kadi ya michoro, yaani kile kipande kinachoichorea kompyuta picha zake, na kwamba Kigali zipo za mitumba, tena ni karibu kuliko Mwanza.

Alhamisi jioni Neema alifungua kasha la kompyuta, akaingiza mkono kupima nafasi ya kadi. "Baba, andika. Shibiri moja na vidole vitatu." Niliandika bila kunyanyua kichwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na daftari langu lilikuwa limejaa namba za kadi nilizozisoma kwenye simu. Nilijiona nimeiva.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, safari ikaanza. Rusumo tulifika saa mbili kasoro, tukavuka daraja, na huko ng'ambo ikawa saa moja kasoro. Magari nayo yakahamia kulia. Nimefundisha majira ya saa maisha yangu yote, lakini siku hiyo nilikaa kwenye basi nikihesabu kwa vidole na kila mara napata jibu jingine.

Saa nne ya kwao nilikuwa Kimironko, kwenye duka la vitambaa la shemeji yangu Vestine, mdogo wake mke wangu, ambaye alikulia Ngara.

"Shemeji, umekonda! Kaa unywe chai."

"Chai baadaye. Natafuta gigabaiti."

"Hizo zinauzwa kwa kilo au kwa mita?"

Alifunga duka anipeleke kwa Saidi, fundi anayeuza kompyuta za mitumba Nyakabanda. Tulipotoka kuvuka barabara nikatazama kulia, kama nilivyowafundisha watoto wa watu, na pikipiki ikanipita puani kutoka kushoto. Vestine alinivuta shati. "Huku kushoto kwanza, mwalimu!"

Saa tano, Nyakabanda. Saidi alisema "Kalibu, mzee," akaweka kadi mbili mezani. Ya kwanza fupi, feni mbili, kumbukumbu gigabaiti nane. Ya pili ndefu, feni tatu, gigabaiti kumi na mbili. Nikafungua daftari kwa kujiamini, nikaigusa ile ndefu. Kumi na mbili inaishinda nane, hilo halihitaji chuo.

"Hapana, mzee. Hii ndogo iko mupya kuliko ile kubwa."

Akazijaribu mbele yangu. Kwenye mchezo wa mbio za magari, ile ndogo ikatoa picha nyingi zaidi kwa sekunde. Akafungua mchoro wa nyumba, kubwa ikashinda. Kwenye kula umeme, ndogo ikawa na nidhamu. Nikauliza kasi, akaniambia ndogo ndiyo inayokimbia.

"Sasa mbona kwenye nyumba imeshindwa?"

"Ile kubwa iko na wafanyakazi mingi, wanatembea buhoro. Hii iko na wafanyakazi kidogo, wanakimbia."

"Nani anamaliza kwanza?"

"Inategemea kazi, mzee."

Nilizoea alama. Mtoto akipata themanini, amepata themanini. Hapa kila kadi ilikuwa ya kwanza somo hili na ya mkia somo lile, na daftari langu halikunisaidia kitu. Hatimaye nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo: ipi itazungusha nyumba ya mwanangu?

"Zote mbili. Kubwa itazungusha muzuri. Ndogo itajikokota. Lakini kubwa iko mulefu. Kasha yako iko na nafasi gani?"

"Shibiri moja na vidole vitatu!" Nikatandika mkono juu ya kadi kubwa. Ikaingia sawasawa. Saidi naye akaweka mkono wake, kadi ikazidi. Vestine akaweka wake, ikazidi zaidi.

"Mukono ya nani ilipima?" Saidi akauliza.

"Ya binti yangu."

"Mkono wake mkubwa kiasi gani, shemeji?" Vestine akauliza.

Niliinua kiganja niwaonyeshe, kisha nikakishusha. Sikujua. Tukapiga simu, haikupatikana. Siku hiyo Neema alikuwa na mtihani wa kuandika, na chuoni simu zinakusanywa langoni hadi jioni. Basi langu la kurudi lilikuwa saa nane. Nilikuwa na daftari zima la vipimo vya kadi, na kipimo cha mkono wa mwanangu sina. Niliona aibu mbele ya shemeji yangu, tena kubwa. Mkono pekee niliokuwa nao akilini ni ule niliokuwa nikiushika kumpeleka darasa la kwanza, uliomezwa wote na kiganja changu. Nikachukua kadi fupi.

Saa kumi na moja na nusu, Rusumo. Saa ikasogea mbele tena kwa saa moja, na magari yakarudi kushoto. Sikujisikia nafuu.

Jumamosi asubuhi Neema aliifunga kadi. Kwenye nafasi iliyobaki ungeweza kulaza kitabu. Akabonyeza, na nyumba ikaanza kuzunguka, mlango, madirisha, paa, inajikokota kama alivyosema Saidi, lakini haikuganda.

"Baba, hakukuwa na kubwa zaidi?"

"Ilikuwepo. Nilidhani mkono wako ni mdogo."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauchukua mkono wangu, akaulaza wake juu yake, kidole kwa kidole.

Jumatatu nyumba ilizunguka polepole, watahini wakasubiri, akafaulu. Mkiniuliza kadi ipi ni bora, mpaka leo sijui. Ila mkono wa Neema naujua. Unauzidi wangu kwa nusu kidole.