Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Nyumba yangu imeipa barabara mgongo. Watu wa wilayani wakipita na gari lao huuliza ni nani huyo asiyejua mbele na nyuma. Ni mimi, na najua vizuri sana.

Tulihamishwa kiangazi. Watu wa serikali walikuja na lori, wakasema kijiji cha zamani kimekwisha, wakaezua mapaa ili tusirudi. Tukashushwa kwenye uwanda mtupu uliopimwa kwa kamba: barabara moja iliyonyooka, vigingi kulia na kushoto, kila kaya na kigingi chake. Mume wangu alikuwa mbali kwenye ujenzi wa reli. Tulikuwa watatu: mimi, mama yake mzazi, na mwanangu wa miezi saba. Tulijibanza kwenye kibanda cha mabua, na asiyeujua upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita asinieleze habari za baridi. Hakuna miti ya kuuzuia. Ulipita kwenye yale mabua kana kwamba hayapo. Wiki ya pili mtoto akaanza kukohoa, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mganga wa zahanati alikuwa mtu mkweli.

"Dawa hii itamtibu leo," akaniambia. "Ukimrudisha kwenye upepo uleule, utanirudia. Mtafutie ukuta."

Nikaenda kumtafutia ukuta.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano wa nyumba bora. Alikuwa na karatasi iliyochorwa: matofali ya kuchoma, milango yote itazame barabara, mwisho mvua za kwanza. Asiyemaliza, kiwanja apewe mwingine. Na kila mwanamke alete mizigo ya kuni kwa ajili ya tanuri. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, kuni za wapi?"

"Za porini, binti."

"Pori lipi? Kuni za kupikia tu tunaondoka jogoo la kwanza, tunarudi saa nane. Tukichoma matofali ya kaya zote tutapikia nini, hiyo karatasi?"

Watu wakacheka chini chini. Yeye hakucheka. "Mmemsikia msomi wetu. Amepelekwa sekondari ili aje atujengee kwa matope, kama babu zetu."

"Babu zetu walilala pasipo na upepo," nikamjibu, nikakaa. Ni mkubwa kwangu, najua. Lakini hakuwa yeye aliyekuwa akikesha na kile kifua cha mwanangu.

Kesho yake nikateremka bondeni, nikachimba udongo mweusi unaonata vizuri. Nikafyatua matofali siku tatu, nikayaanika juani. Siku ya tano yote yalikuwa yamepasuka kama visigino vyangu. Mama mkwe akaja kuyatazama, mtoto mgongoni.

"Mkamwana, huko shule mlisoma udongo?"

"Tulisoma, mama. Jiografia."

"Huu ni wa kufinyangia vyungu. Wewe unajenga au unapika?"

Akanipeleka kwenye kichuguu. Akachukua bonge, akalilowesha, akalisokota kama kamba, akalizungusha kwenye kidole changu. Halikukatika. "Huu," akasema. Tukauchanganya na mabua ya ulezi yaliyokatwakatwa, tukaukanyaga kwa miguu mpaka magoti yakagoma. Matofali tuliyafunika nyasi yakauke polepole. Nguzo na boriti tulizibeba kichwani kutoka kwenye nyumba yetu ya zamani. Waliondoa paa, miti wakaisahau. Nyumba yangu haikukatiwa mti hata mmoja. Nalisema hili kwa kiburi, na sitaomba radhi.

Siku ya kuchimba msingi, mama mkwe alisimama kwenye kigingi, akageuka mpaka upepo ukampiga mgongoni. "Baba mkwe wako alisimama hivi kabla hajajenga," akasema. "Nyumba huupa upepo mgongo." Upepo ulikuwa unatoka barabarani. Ile karatasi ilitaka tuufungulie mlango, tuukaribishe ndani.

"Basi mlango utatazama mlima," nikasema.

"Watatubomolea."

"Wabomoe nikiwa ndani."

Aliogopa, lakini hakuninyang'anya jembe.

Kuezeka kwetu ni kazi ya wanaume. Shemeji aliyeahidi kuniezekea, alipoona mlango uko upande gani, akakumbuka ana shughuli Chanji. Nikavaa suruali ya mume wangu nikapanda. Nyasi nyingi tulikuwa tumeshazifukia kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo tunayolimia, kwa hiyo nilikata zile ndefu za mlimani, zilizokauka zikiwa zimesimama. Wanawake wakakusanyika barabarani.

"Wifi, ndevu zimeshaota?"

"Bado. Nasubiri za mumeo zidondoke."

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga. Baadaye kidogo fungu la nyasi likanigonga mguu. Alikuwa ameanza kunirushia.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, Mwenyekiti akaja na ofisa wa wilaya, pamoja na mgambo wawili wenye sululu. Ofisa akaizunguka nyumba, akauliza kwa nini mlango hautazami barabara. Nikawasha kibatari, nikakiweka kizingitini, mlango ukiwa wazi. Moto ukasimama wima.

"Sasa twende kwa Mwenyekiti," nikasema.

Walinifuata, nadhani kwa kushangaa tu. Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa upande uleule wa barabara, ya matofali ya kuchoma, mlango unatazama barabara kama karatasi ilivyotaka. Kibatari kilizimika kabla sijakiweka chini. Nikakiwasha tena, kikazimika tena. Mkewe alikuwa amekaa pembeni na mtoto aliyeviringishwa mablanketi mawili.

"Mimi jiko nawashia nyuma ya nyumba," akasema, bila kuulizwa.

Ofisa akaandika kitu kwenye daftari. "Mama, mpango ni mpango. Mlango ugeuzwe."

"Sigeuzi. Mkibomoa, mchukueni na mtoto, mkamlaze kwenu."

Mgambo wakatazama sululu zao. Mwenyekiti akamtazama mkewe, kisha akaona barabara inapendeza zaidi. Mwishowe ofisa akasema nyumba ibaki, lakini nitalima shamba la kijiji wiki mbili peke yangu, kwa ukaidi. Sikubisha. Wiki mbili za jembe nilizimudu.

Mvua ya kwanza ilinikuta hukohuko shambani. Nilifika nyumbani nimelowa mpaka mifupani. Ndani palikuwa pakavu, pananukia udongo na nyasi. Nikaweka sikio kwenye kifua cha mwanangu aliyelala. Pumzi iliingia, ikatoka. Nikaliacha sikio palepale mpaka mama mkwe akanifukuza, kwamba namlowesha.

Kuni za tanuri hazikutosha, kama nilivyosema, na matofali ya Mwenyekiti yalitoka nusu mabichi. Mvua ya pili ikaanza kuyamega. Mkewe akaja, akasimama uani kwangu upande wa mlima, akauliza kile kichuguu kiko wapi. Nikampeleka mwenyewe, nikamsokotea udongo kidoleni.

"Na mlango?" akauliza.

"Kwanza mwambie mumeo asimame kwenye upepo."