Makaa ya Shangazi

Mpaka leo nikisikia neno makaa, hasira inanipanda.

Mtaalamu mmoja alikuja kwetu Adumi kufundisha nishati safi. Unapasha moto makaa ya mawe pamoja na maganda ya karanga ndani ya pipa lililozibwa, upate kitu cha kupikia kisicho na moshi mwingi, na miti ipone. Alisema kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri. Makaa ya mawe huku hatuyajui, basi kwa uvivu nikafupisha: "Wiki ijayo tunataka makaa na maganda."

Siku ilipofika, shangazi yangu alileta maganda, na magunia mawili ya makaa ya miti. Alikuwa ameangusha mshea wake, mti ambao mafuta yake nimeyala tangu utotoni.

Mtaalamu akacheka mpaka akashika tumbo. Makaa ya mawe alikuwa nayo kwenye gari lake, tangu asubuhi. Nilitamani kumzaba kofi.

"Unacheka nini, wewe?" nikamfokea.

Shangazi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Si wewe ulisema makaa? Makaa iko hapa."