Vipande vya Ngozi Visivyo na Alama

Amekufa mtu ambaye, kati yetu sote tunaoishi karibu na stesheni ya Dodoma, nilidhani kuwa ndiye wa mwisho ambaye sumu ingeweza kumpata. Ninyi mnaosoma au kusomewa maneno yangu kila mwezi katika gazeti hili mnanijua kuwa si mwanamke wa kutikisika upesi: nimezika wazazi, mume na watoto wawili, na miaka ya njaa nimeiona kwa macho yangu. Lakini kifo cha jirani yangu huyu, kijana Mrangi aliyeshuka kutoka Kondoa kutafuta kazi reli ilipotufikia, kimeniacha nimekaa na mikono mitupu mapajani, jambo ambalo halijapata kunitokea. Alianza kutapika Jumatano baada ya chakula cha mchana. Akaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, akalia kwamba koo linamuungua na miguu inakakamaa, na Ijumaa, kabla watu hawajatoka msikitini, alikuwa amekata roho. Jina lake silitaji, wala ghala alilofanyia kazi silitaji, kwa maana sitaki habari hii isomwe kama shauri la fulani na fulani. Nataka isomwe kama habari ya kazi, na ya namna tunavyoifanya siku hizi.

Kazi yake ilikuwa kutosa ngozi. Ngozi zinazonunuliwa kwa wafugaji wetu husafiri mbali sana, na zikienda kavu bila dawa huliwa na wadudu mpaka zikabaki kama chekecheo. Kwa hiyo hutoswa katika birika lenye maji yaliyochemshwa pamoja na unga mweupe ambao Wadachi huuita aseniki. Elimu ya unga huo marehemu aliipata kwanza katika chumba cha dawa cha daktari wa boma, alikokuwa akiosha chupa na kumsaidia daktari kupaka unga huo huo ndani ya ngozi za ndege waliokaushwa ili wapelekwe Ulaya. Huko alifundishwa kwamba kijiko cha unga hakigusi kitu kingine. Kwamba kopo likifunguliwa pua na mdomo hufungwa kitambaa chenye maji. Kwamba mwenye kidonda mkononi hakaribii kabisa siku ile. Kwamba hapaliwi, hapanywewi, wala hapatafunwi tumbaku mahali pale. Na kwamba nguo ya kazi hailali nyumbani kwa mtu. Mwenye ghala alimchukua kwa sababu hiyo. Kwa muda wote aliosimamia birika lile, sikusikia hata mtu mmoja akilalamika tumbo.

Nilikuwa nikipeleka maziwa pale kila asubuhi. Siku ya kwanza niliingia na kibuyu changu kama mtu anayeingia kwake, naye akapaza sauti kutoka ndani ya ua: “Bibi! Hapo hapo! Usiongeze hatua!” Nikamwambia mimi si mwizi wa ngozi, baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko nywele zake. “Najua, bibi, shikamoo. Lakini nitakufuata mimi huko nje.” Nikasimama juani nikimtazama akivua kaniki yake ya kazi, akinawa mpaka viwiko, akisugua kucha kwa mchanga, akisukutua, akivaa nguo nyingine. Uvumilivu ukanishinda. “Ninyi Warangi mtaoga mpaka mpauke. Maziwa yanachacha!” Akacheka, akasema, “Nanyi Wagogo mnampenda ng'ombe hata akiwa amechunwa, mnataka mlale naye. Huyu aliyemo humu, bibi, usimkumbatie.” Akanywa maziwa yake nje ya ukuta, chini ya jua kali. Kila siku ilikuwa hivyo, na kila siku nilimtukana kidogo, naye alipokea matusi kwa adabu kama mjukuu.

Siku nyingine, nikiwa pale na maziwa yangu, mama mmoja jirani yetu alipita ua ukiwa wazi, akaona ule unga mweupe ukipimwa, akaudhani ni magadi. Sisi wenye kupika mlenda tunajua thamani ya magadi mazuri, na magadi ya kuokota mbugani huja na mchanga. Akaomba kwa sauti ya upole, “Baba, nigawie kidogo tu, kiganja kimoja, mboga iive vizuri.” Sijapata kumwona kijana yule akighadhibika isipokuwa siku ile. Alilifunika kopo, akatoka, akatuketisha wote wawili ukutani na kutufundisha kama watoto. Alisema ubaya wa kitu hiki ni kwamba hakina harufu wala ladha. Ulimi haukikatai na pua haikigundui. Maji yakikauka juu ya ngozi, sumu haiondoki na maji, inabaki palepale. Ngozi iliyotoswa hairudi kuwa ya nyumbani hata ukiisuuza mara kumi. Na wala usiitupe motoni, alisema, kwa kuwa ikiungua hutoa moshi wenye harufu kama ya kitunguu saumu, na moshi wenyewe ni sumu. Yule mama akauliza, “Sasa tutaitambuaje?” Akatuonyesha: kila ngozi iliyotoka birikani aliipaka udongo mwekundu shingoni, alama pana kama kiganja. Tukaondoka tumetosheka, kila mmoja akijiona mwenye akili.

Kosa lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa akiilinda. Zamani ngozi ilikuwa na mwendo wake: ng'ombe alichinjwa, mkajua ni ng'ombe gani, ngozi ikawambwa na kukauka kwa siku zake, na aliyeilainisha ndiye aliyeilalia. Sasa ngozi ni mzigo, na mzigo unasubiriwa na gari moshi, nalo halimsubiri mtu. Pale ghalani desturi ilikuwa kukata kwanza vipande vya miguu na tumbo, ambavyo havihitajiwi Ulaya, ndipo ngozi itoswe. Vile vipande visafi wafanyakazi walipewa wavitumie wapendavyo, nasi majirani tulivipata kwao. Kamba za ngozi ni uhai wa nyumba zetu: kitanda, kigoda, mpini wa jembe, ukanda wa kibuyu, mbeleko. Mwezi uliopita marehemu aliomba ruhusa akaenda Kondoa kukamilisha mambo ya ndoa yake. Alikuwa njiani na huko kwao muda wa nusu mwezi. Nyuma yake mizigo ilizidi, na nyapara akaamuru ngozi zitoswe kwanza jinsi zinavyofika, vipande vikatwe baadaye zikiwa chanjani zikikauka, ili siku zisipotee. Ni badiliko dogo, la mtu mwenye haraka. Alama ya udongo mwekundu iliendelea kupakwa shingoni kama kawaida. Vipande vya miguu na tumbo havina shingo.

Kijana akarudi kwa furaha. Mkewe angemfuata baada ya siku chache pamoja na kaka yake, na nyumbani hapakuwa na kitanda cha kumlaza bibi arusi. Akachukua lundo la vipande lililokuwa pale pale linapowekwa siku zote, akatazama kama lina alama, hakuiona, akaenda nalo kwake. Lingine akanigawia mimi na jirani zangu, akisema ni shukrani kwa maziwa na matusi. Siku mbili alikaa mlangoni akiwamba kitanda. Mnajua jinsi kitanda kinavyowambwa: kamba lazima iwe mbichi, na mikono ina kazi yake ya kuvuta, kwa hiyo ncha huwekwa mdomoni, ikalowa mate, ikashikwa kwa meno mpaka mkono uipokee. Nilipita nikamwona, mashavu yamejaa kamba, akanipungia kwa kichwa tu. Nikamwambia, “Leo umenyamaza, Mungu ashukuriwe.” Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na ninayasema hapa bila kujionea huruma.

Tulikuwa tumekaa msibani siku ya Ijumaa, na watu wanatafuta cha kumbebea mpaka makaburini. Mmoja akasema, “Si kiko kitanda chake kipya?” Wakakitoa nje. Hapo akaingia mwenzake wa ghalani, mtu mzima, amechelewa kwa sababu ya kazi. Akakitazama kile kitanda, akasimama.

“Hiki amekiwamba lini?”

“Jumanne, na juzi asubuhi kabla hajaugua.”

“Kwa ngozi gani?”

“Zenu. Vile vipande vya ghalani.”

Yule mtu aliwapungia mkono waliokishika wakiache. “Mungu wangu. Vile tulivikata baada ya birika. Hakuna aliyemwambia?”

Watu waliokishika kitanda walikiachia kikaanguka. Mimi nikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu nikakimbia, kwa maana lundo langu nililipeleka kwa mke wa mwanangu, naye ana mtoto anayeota meno.

Nilimkuta anapepeta mtama, mtoto mgongoni. “Mama, kulikoni? Mbona unahema?” Nikamuuliza mikanda ya mbeleko ameibadilisha lini. “Asubuhi hii, mama. Ile kamba nzuri uliyonipa.” Nikamwambia afungue. “Mtoto amelala, mama, nimembembeleza tangu—” “Fungua, nimesema!” Akafungua. Ukanda uliopita begani, pale mdomo wa mtoto unapofika, ulikuwa umelowa, unang'aa kwa mate, na ncha yake imetafunwa ikawa laini kama utambi. Nimeona mengi, lakini ukanda ule uliolowa sitaacha kuuona. Jua halijatua mtoto akaanza kutapika. Tulimbeba mpaka kwa daktari wa boma nikiwa na ukanda mkononi, nimeufunga kwa jani la mgomba ili daktari auone na asianze kukisia. Ninawaambia sasa ili msipate tabu: mtoto yu hai. Alikaa siku sita akiwa kama kitambaa kilichokamuliwa, na siku ya saba akaomba ziwa.

Jumamosi asubuhi, mtoto akiwa bado kwa daktari, nilizunguka nyumba zote zilizopata vipande vile. Wengine walitoa mara moja. Mzee mmoja alivificha nyuma yake, akaniambia, “Ngozi nzuri hivi, mke wangu ataisuuza mtoni.” Nikamuuliza, mtoni ambako sote tunachimba mchangani maji ya kunywa? Kijana wake akasema basi tuvichome tumalize. Nilipiga kelele mpaka jirani wakatoka, nikawasomea yote niliyofundishwa ukutani siku ile ya magadi: si maji, si moto. Tulichimba shimo la kina kirefu juu kwenye mwinuko, mbali na mto na mbali na njia ya mifugo, tukazika kamba, mbeleko na kile kitanda kizima, na mikono tukainawa papo hapo kabla ya kugusa nyuso zetu.

Kisha nilikwenda kwa nyapara. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema, “Marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi wa sumu. Angetazama.” Nilimjibu kwamba alitazama, alitazama alama ambayo wao walikwisha kuifanya uongo. Wala simsamehei marehemu yote. Aliamini lundo kwa sababu lilikaa mahali pake pa siku zote, na mtu wa kazi kama ile, akirudi kutoka safari, hana budi kuuliza kila kitu upya kama mgeni. Lakini kuuliza ni wajibu wa pili. Wa kwanza ni kumwambia.

Mkewe alifika Jumanne, vumbi mpaka nyusi, na kaka yake na punda wawili. Mimi ndiye niliyempokea, kwa kuwa wanaume wote walipata shughuli. Hakupiga ukunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani, kisha akaniuliza, “Bibi, yeye aliyewaonya ninyi nyote, mbona yeye hakuonywa na mtu?” Jibu lake nimelitafuta tangu siku ile, na hili ndilo nililolipata, nanyi mlisome mahali penye maghala, penye vyumba vya dawa na popote kinapofunguliwa kopo la unga kama ule. Anayebadili utaratibu wa kazi ya sumu, akawaambia watu wote isipokuwa mmoja ambaye siku ile hakuwapo, na ajue kwamba huyo mmoja amemlisha sumu kwa mkono wake mwenyewe.