Masale Kati ya Majeshi Mawili

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito.

Mimi hutengeneza wanajeshi wenye urefu wa kidole cha mwisho. Mifupa yao ni waya wa kufungia nondo, ambao mafundi huuacha chini wakimaliza kujenga. Nyama ni udongo wa mtoni. Kofia ni ganda la buni. Nawapaka rangi iliyobaki ya mlango wetu, kwa brashi ya nywele za mkia wa ng'ombe. Milima ni trei za mayai, nimezilowesha nikazifinyanga na uji wa muhogo.

Aliyenifundisha mchezo ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Dar. Mwaka juzi alikuja Krismasi, kama wote wanavyopanda kuja nyumbani Desemba, akanionyesha: majeshi mawili mezani, unapima hatua kwa futi kamba, unarusha dadu kujua nani kaanguka. Tulitumia vizibo vya soda. Alipoondoka nikabaki nawaza, vipi kama vizibo vile vingekuwa watu?

Mwaka mzima uliofuata nilifanya kazi kwa wasiwasi. Udongo ukikauka upesi unapasuka miguuni, na mtu anaanguka kabla ya vita. Lakini hofu yangu kubwa ilikuwa kaka mwenyewe. Huku kwetu juu mlimani hakuna mwingine anayejua mchezo huu. Je, akiwa amesahau? Je, akiona ni utoto?

Krismasi iliyofuata alishuka kwenye gari, akasalimia wazee, akaniona nimejibanza nyuma ya mgomba.

"Dogo! Bado una vile vizibo?"

"Ametoka kwenye vizibo," shangazi alidakia. "Sasa ana jeshi. Wenzake wanatafuta wachumba, yeye anavisha udongo kofia!"

Watu wote wakacheka. Nikatazama viatu vyangu. Siku zilizofuata kulikuwa na kuchinja, ibada na wageni, na mimi nilikuwa namfuata kaka kwa macho tu, nashindwa kumwambia. Ni yeye aliyekuja mchana wa mwisho, kesho yake wanarudi Dar.

"Haya, nionyeshe."

Nilipanga kila kitu juu ya kichanja cha kuanikia kahawa. Jeshi la juu, jeshi la chini, na katikati mfongo, yaani mfereji wa maji, kwa sababu vita yenyewe ilikuwa ya kugombea maji. Kandokando ya mfongo nilichomeka vichipukizi vya masale nilivyokata asubuhi kwenye uzio wetu. Hakuna kitu kinachofanana na msitu kama vile, na havinyauki.

"Dogo, umetisha," kaka alisema taratibu. Akainua askari mmoja, akamgeuza, akamrudisha kwa uangalifu.

Hapo babu akapita na fimbo yake. Tukamwamkia, akaitika, akainama juu ya kichanja.

"Nani ameweka masale hapa?"

"Mimi, babu."

"Nani anamwomba nani msamaha?"

"Hakuna, babu. Ni miti."

"Miti!" Akamgeukia kaka. "Na wewe msomi, hukuona?"

"Babu, ni mchezo tu."

"Basi mchezo umekwisha. Isale likishawekwa kati ya watu, hapigani mtu."

Kila Mchaga anajua jambo hilo: isale ni mmea wa kuombea msamaha. Hata mimi nimeona watu wasiosalimiana wakipatana kwa jani moja la isale. Lakini kichwani mwangu ilikuwa miti.

Mimi huwa siongei mbele ya wazee. Siku hiyo niliongea.

"Babu, nikiyang'oa?"

"Unang'oa isale ili watu wauane? Wewe?"

Kaka akatia dadu mfukoni. Babu akavuta kigoda, akaketi, akauliza nani aliziba maji ya mwenzake. Nikamwambia ni wa juu. Akawasema wa juu kweli kweli, akamsogeza mkubwa wao kwa kidole hadi kwenye mfongo, akaamua wa chini wachukue maji mchana na wa juu usiku. Kaka alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaitwa kwenda kufunga mizigo.

"Mwakani, dogo," alisema asubuhi dirishani mwa gari. Mwaka juzi alisema vilevile, akaja. Safari hii nasikia anahamia mbali kikazi.

Kwa hiyo mpaka leo sijui kama wanajeshi wangu wanaweza kupigana. Sijui kama hatua zao ni ndefu mno, kama mlima ni mkali mno, kama dadu moja inatosha. Ndiyo maana nimejikaza kuandika. Kama huko uliko unacheza, au umewahi kuona watu wakicheza, niandikie. Niambie miti yako unaitengeneza kwa kitu gani. Na kama huna wa kucheza naye, andika jeshi lako linaanza kusogea wapi, nami nitalisogeza hapa kwenye kichanja na kukujibu. Nitachelewa kidogo, lakini nitajibu.